Msumeno wa Wastani na Watani Wawili

Vijana wangu, mkiingia dukani mkauliza chenso, msumeno wa injini, ipi nzuri, muuzaji atawatajia ile iliyo karibu na mkono wake. Simlaumu. Nami nilikaa nyuma ya kaunta miaka mingi, na siku za joto kali mashine bora ilikuwa ile ambayo sikuhitaji kupanda ngazi kuishusha. Sasa nimestaafu, sina cha kuwauzia, kwa hiyo nisikilizeni.

Nunueni ya wastani. Ndogo hulia kama mbu kwenye gogo la mninga, na kubwa itawafanya mlie ninyi. Ya wastani inakata karibu kila kitu ambacho mtu mwenye akili timamu anataka kukikata, na jioni bado una mabega ya kuvalia shati. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu ni la jinsi nilivyolipata, na lina wazee wawili ndani yake ambao nusura mmoja wao nimwachishe kazi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bendera bado ya Mwingereza. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti kilichokunjwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa shati, na kila nilipovuka barabara nilipapasa mfuko kuhakikisha bado kipo. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama alikuwa haniamini hata kununua nyanya sokoni Kariakoo, kwa sababu nilizigeuza moja moja nikikadiria ipi itaiva kesho na ipi keshokutwa, mpaka mwenye nyanya akachoka.

"Mwanangu," aliniambia muuza nyanya mmoja huku akifunika tenga lake kwa kanga, "nenda ukafikirie kwenu. Ukimaliza uje. Kama nitakuwa sijafa tutauziana."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeajiriwa kuwa karani katika yadi ya mbao ya Bwana Jivan, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Bwana Jivan alikuwa Mhindu aliyezaliwa mtaa uleule, mfupi wa maneno, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kuliko changu mimi niliyesoma bweni huko bara. Magogo yalikuja kwa lori kutoka upande wa Kisarawe. Yakishushwa, yalikatwa vipande vya urefu unaotakiwa, kisha vipande vikaenda nyuma kwenye mashine ya kupasulia mbao. Kazi ya kukata vipande ilikuwa ya watu wawili, Mzee Kondo na Mzee Kasanda, na msumeno mmoja mrefu wenye mshikio kila upande.

Magogo yalilazwa juu ya shimo la zamani, lenye kina cha kifua cha mtu, lililobaki tangu enzi za kupasua mbao kwa mikono. Shimo lilisaidia, maana meno ya msumeno yakigusa mchanga yamekwisha. Likumbukeni hilo, litakuja kuwagharimu hata leo na chenso zenu za rangirangi.

Msumeno wa watu wawili una sheria moja: unavuta, husukumi. Ukisukuma, bati linapinda, mwenzako anakutukana. Kwa kweli Mzee Kasanda alikuwa akimtukana mwenzake hata asiposukuma, kwa sababu walikuwa watani. Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mnene wa mabega. Mzee Kasanda alikuwa Mnyamwezi, mrefu hadi Mzee Kondo alilazimika kusimama juu ya kipande cha gogo ili msumeno usilale upande.

"Mtumwa wangu huyo," Mzee Kasanda alizoea kuwaambia wateja. "Nimemnunulia gogo la kupandia ili nimwone."

"Mimi napanda ili nisinuse kwapa lako," alijibu Mzee Kondo, na msumeno haukusimama hata kidogo.

Ninyi siku hizi kila mzaha mnauita utani. Utani ule ulikuwa na haki zake. Mtani wako anaweza kukuchukulia kofia na usikasirike, ukiitaka, unaikomboa. Anaweza kukutukania ukoo mbele ya wakwe. Na siku ya msiba, wakati watu wanalia, mtani huja akacheka, na wengine huingia kaburini kabla ya maiti wakalala humo chali, wakisema hawatoki mpaka walipwe fidia. Hakuna wa kuwatoa kwa nguvu. Unasimama pale na majonzi yako, unapatana bei.

Mimi pia ni Mzaramo, kwa hiyo nilikuwa mtani wa Mzee Kasanda. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Bwana Cheti? Kitoe tukione. Nasikia Wazaramo wakipewa karatasi wanafungia samaki."

Jina likanikaa. Bwana Cheti.

Basi siku moja Bwana Jivan aliniita ofisini. Alikuwa amekwenda kwa mwenzake mwenye yadi upande wa Ilala, akaona mtu mmoja, peke yake, akikata gogo kwa msumeno wa injini muda usiotosha kunywa chai. Usiku ule hakulala.

"Nataka mashine," akasema. "Si ya fahari, si ya bei ya kutupwa. Ifanye kazi na isinisumbue. Wewe umesoma, nenda ukanichagulie."

"Ndiyo, bwana."

"Na ni mashine moja, mtu mmoja. Siku ikifika hapa utaniambia nani ataishika, Kondo au Kasanda. Mwingine nitampa haki yake aende. Wewe unakaa nao kutwa, unawajua kuliko mimi."

Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho Dar es Salaam nzima kupewa swali hilo. Nilisema tena, "Ndiyo, bwana," nikapapasa mfuko wa shati.

Nilipotoka nje walikuwa wameshajua. Yadi haina siri. Ofisi ilikuwa ya mbao, tena mbao zenye nyufa. Mzee Kondo alikuwa ameketi juu ya gogo akifuta msumeno kwa kitambaa chenye mafuta.

"Mchague huyo," akasema, akimwonyesha Kasanda kwa kidevu. "Ana watoto wengi kama panya. Akikosa kazi watakuja kula kwangu."

"Mchague yeye," akasema Mzee Kasanda. "Ni mtumwa wangu, akikosa kazi nitalazimika kumlisha. Mimi sina uwezo huo."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikaliza kitanda usiku kucha kwa kujigeuza. Mzee Kondo alikuwa na jicho: akikutazamia gogo anajua litaelekea wapi likikatika. Mzee Kasanda alikuwa na mikono mirefu na pumzi. Kondo alikuwa mtu wa kabila langu; nikimchagua, watasema nimependelea. Nikimchagua Kasanda ili wasiseme nimependelea, nitakuwa nimemnyima Kondo kwa sababu ya maneno ya watu. Nilipofika hapo nikaanza upya.

Afadhali mashine, nikajiambia. Chuma hakina watoto. Nikaanza na maduka.

Duka la kwanza lilikuwa na msumeno mwekundu, mdogo, mzuri wa kutazama. Muuzaji aliuvuta kamba mara moja tu, ukawaka, akanitazama kama mtu aliyemaliza hoja. Mimi kwa wasiwasi wangu nilikuwa nimeshaweka kiganja karibu na eksozi kabla hajavuta. Ilikuwa ya moto.

"Mbona ina joto, bwana?"

"Jua."

"Tuko ndani."

Akasema jua la Dar es Salaam linaingia ndani. Nikamwomba tuuache upoe tuuwashe tena. Tulikaa. Nilikunywa kahawa ya mchuuzi mpita njia, vikombe viwili, muuzaji akinitazama kama mkwe asiyeondoka. Ulipopoa alivuta kamba mpaka shati likamlowa, na msumeno ukapiga chafya tu. Andikeni hilo vichwani: mashine iwashwe mbele yenu ikiwa baridi. Kisha ikishapata moto, izimwe, iwashwe tena, maana kuna zile zinazowaka asubuhi vizuri na mchana zikishapata joto zinanuna. Mtakata kuni asubuhi tu?

Duka la pili walinionyesha dude. Lilikuwa refu kama jeneza, injini upande mmoja na mshikio wa mtu wa pili upande wa pili. Moyo wangu ukaruka. Mashine ya watu wawili! Kondo huku, Kasanda kule, swali limekwisha. Nilikuwa tayari kukimbia kwa Bwana Jivan na habari njema, ila akili yangu haina tabia ya kuniacha nifurahi. Nikajiuliza nani atalinyanyua dude hili kutoka gogo hadi gogo. Nikajiuliza litakunywa petroli kiasi gani. Nikamwuliza muuzaji plagi zake zinapatikana wapi.

"Tunaagiza," akasema.

"Kutoka wapi?"

"Ulaya."

"Zinachukua muda gani kufika?"

Akatazama dari. "Meli ikija."

Nilitoka pale mnyonge. Nilitamani sana dude lile liwe zuri, na ndiyo maana nilijilazimisha kulikataa. Ukiona unatafuta sababu za kuipenda mashine, toka dukani ukanywe maji.

Duka la tatu lilikuwa finyu, mtaa wa nyuma ya soko, na fundi wake aliitwa Salehe, mtu wa pwani mwenye mzaha wa pole pole. Mimi baadaye nilifanya kazi naye miaka mingi, na karibu yote ninayoyajua yalitoka kwake, ila siku hiyo alikuwa mtu tu aliyeketi juu ya ndoo. Alikuwa na msumeno wa kijani, wa wastani, umechubuka rangi kidogo.

"Naomba niushike," nikasema.

Nikaushika. Niliushika kama mtu anayekata, mikono mbele, nikaanza kufikiria: uzito, mshikio, mtikisiko, kama kidole gumba kinafikia swichi ya kuzimia. Wapita njia wakaanza kusimama. Hamali mmoja mwenye mkokoteni akauliza kama nimeganda. Nikaendelea kufikiria. Mikono ilipoanza kutetemeka ndipo nikauweka chini.

"Umemaliza?" akauliza Salehe.

"Nusu."

"Hakuna mteja aliyewahi kuushika muda huo. Wengi wanaunyanyua mara moja, wanasema mwepesi, kesho wanarudi na mgongo."

Tangu siku hiyo ndicho kipimo changu, na sikukipata katika kitabu: mashine ya wastani ni ile unayoweza kuishika huku unaifikiria. Nikamwuliza habari ya plagi. Akavuta droo, plagi zimejaa kama njugu. Kamba ya kuwashia, ipo. Tupa ya kunolea meno, zipo. Mnyororo wa akiba, upo mmoja, umetundikwa ukutani. Tukauwasha baridi, tukauwasha moto. Nikatazama na matangi: la petroli na la oili ya kulainisha mnyororo. Salehe akanieleza kuwa tangi la petroli linapaswa kuisha kwanza. Likitangulia kuisha la oili, hujui, unaendelea kukata na mnyororo mkavu, na bapa, ule ulimi wa chuma ambao mnyororo unauzunguka, unaungua hadi unageuka bluu.

Kwa kuwa nimetaja oili, acheni niwaambie kisa cha mteja wetu mmoja wa baadaye. Huyu bwana aliona oili ni ghali, akatia mafuta ya nazi. Ikafanya kazi. Yadi yake ilinukia mandazi, wafanyakazi wake wakawa na njaa kutwa, lakini mnyororo ulikuwa laini. Akajisifu mji mzima. Halafu akapata kazi Lushoto, milimani, akapanda na msumeno wake na dumu la mafuta ya nazi. Asubuhi ya kwanza, kwa baridi ile, mafuta yaliganda ndani ya tangi meupe kama mshumaa. Akaleta msumeno kwetu akilalamika kuwa tulimuuzia mashine isiyopenda wageni. Jambo linalofaa Kariakoo si lazima lifae kila mahali. Jueni mashine itakwenda kukata wapi kabla hamjaijaza.

Turudi yadini. Msumeno wa kijani ulifika asubuhi ya Jumatatu, Salehe akiwa nao begani. Habari zilikuwa zimetangulia. Mahamali walisimamisha mikokoteni, wateja wakaja, muuza kahawa akaweka buli lake chini kabisa, ishara ya mtu anayekaa. Bwana Jivan alileta kiti. Gogo la mninga likalazwa juu ya shimo.

Salehe alikata kipande cha kwanza. Vijana, hamtaelewa ule mlio. Ninyi mmezaliwa mkaukuta. Watu walirudi nyuma hatua, kisha wakasogea mbele mbili. Kipande kilianguka. Mzee Kondo akapewa, akakata kwa utulivu, mstari ulionyooka. Mzee Kasanda akapewa, akakata haraka. Sawasawa. Nilikuwa nimeomba kwa siri mmoja wao ashindwe vibaya ili Mungu awe amechagua badala yangu, na sikupata msaada huo.

Mchana ulipokaribia, mambo yakabadilika. Magogo yale yalikuwa yameburutwa chini Kisarawe, magome yamejaa mchanga. Vilivyokuwa vikiruka kutoka kwenye mnyororo mwanzoni vilikuwa vipande kama chenga za mchele. Sasa ukawa unatoka unga laini, kama wa ngano, na moshi kidogo. Hiyo ndiyo dalili: ukiona chenga, mnyororo unakula; ukiona unga, mnyororo unasugua tu. Ukiona unga usikandamize mashine. Zima.

Salehe akazima, akaketi, akatoa tupa, akaanza kunoa jino moja baada ya jino jingine. Mashine imelala. Lori la pili limefika, dereva anapiga honi. Watu wote mikono mashavuni wanamtazama mtu mmoja akikuna chuma. Mimi nilihisi kuna jambo pale, lilikuwa linanizunguka kichwani, sikulishika.

Bwana Jivan hakupenda kukaa bure. Akanigeukia.

"Haya, karani. Mashine nimeikubali. Nitajie jina."

Mzee Kondo alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Kasanda hakuwepo. Nilifungua mdomo, na naapa sijui ni jina gani lingetoka.

"Nipo huku," ikasema sauti kutoka chini.

Mzee Kasanda alikuwa ameingia shimoni. Alikuwa amelala chali chini ya gogo, juu ya unga wa mbao, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

"Kasanda," akasema Bwana Jivan, "unafanya nini?"

"Mnamzika mtani wangu leo. Nimekuja kwenye haki yangu. Sitoki mpaka nilipwe."

Mahamali wakalipuka kwa kicheko. Mmoja akavua kofia kama yuko mazikoni. Dereva wa lori akazima injini. Mimi nilimtazama Bwana Jivan kwa hofu, maana tajiri mwingine angeita polisi. Lakini nimekwisha kuwaambia, alizaliwa mtaa ule. Alikuwa amehudhuria misiba ya majirani tangu akiwa wa kubebwa. Alitazama watu waliosimama, akatazama shimo, akavuta kiti chake hadi ukingoni.

"Unataka nini?"

"Ng'ombe."

"Sina ng'ombe, na nikiwa naye siwezi kukupa, unajua vizuri."

"Basi kanzu."

"Kanzu ya urefu wako nitauza yadi."

"Msimpe kitu," akasema Mzee Kondo kutoka juu. "Afukiwe humohumo. Ninazo koleo mbili."

"Nyamaza wewe, maiti haisemi."

"Maiti ni wewe uliyelala."

"Mimi nimekutangulia kukupashia moto mahali."

Watu walikuwa wanashika mbavu. Bwana Jivan naye alitabasamu, nikamwona, lakini alikuwa mfanyabiashara hata akitabasamu. Akainama.

"Kasanda, mzaha umefika. Sema unachotaka hasa."

Mzee Kasanda akafumbua macho. Alikuwa anatazama gogo lililokuwa juu ya uso wake.

"Bwana, mimi mbali na kukata sina kazi nyingine. Na kukata sijawahi peke yangu. Nikitoka hapa nikakuta huyu mfupi hayupo, nitamtukana nani? Injini? Haijibu." Akapangusa unga wa mbao usoni. "Na nikiwa mimi ndiye ninayeondoka, ni hivyohivyo. Fidia yangu ni huyo. Nipe mtani wangu nitoke."

Mzee Kondo alikuwa amegeuka, anaikung'uta kofia yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Hiyo ni ghali," akasema Bwana Jivan taratibu. "Mshahara wa mtu kila mwezi ili akae anatazama mashine. Siwezi."

Ndipo kile kitu kilichokuwa kinanizunguka kichwani kikatua.

"Hatatazama," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Wote wakanigeukia, nikashika mfuko wa shati, nikaendelea kwa sababu sikujua namna ya kusimama. Nilimwambia Bwana Jivan atazame Salehe. Tangu mnyororo uwe butu, mashine imelala, na lori linasubiri. Mtu mmoja akiwa na mashine moja, atakata, atazima, atanoa, atawasha, atakata. Nusu ya siku atakuwa fundi wa tupa. Na katikati ya gogo, likianza kujibana na kulibana bapa, nani atapiga kabari wakati yeye kashika mashine kwa mikono yote miwili? Lakini ukiwa na minyororo miwili, mmoja unakata, mwingine unanolewa. Ukiwa butu mnabadilishana, mashine haipoi. Mmoja anachoka mikono, mwingine anaishika. Nikasema lile dude la watu wawili la duka la pili lingekuwa ghali kuliko huu wa wastani pamoja na mnyororo wa akiba. Nikasema magogo yenye mchanga hayatakwisha Kisarawe. Nikasema mambo mengine pia, sikumbuki, nadhani niligusia na mvua za masika.

"Vuta pumzi, mtumwa wangu," ikasema sauti ya shimoni. "Utalala hapa na mimi."

Bwana Jivan alinitazama kwa muda. Kisha akamtazama Salehe, tupa mkononi, bado yuko kwenye meno ya mwanzo. Akatazama lori. Nilimwona anahesabu, na safari hii si mimi niliyekuwa nahesabu.

"Fundi, ule mnyororo wa pili upo?"

"Upo ukutani, bwana."

"Kaulete. Na tupa utanipa bure, umekaa kwenye yadi yangu unanoa tangu jana."

"Tangu asubuhi, bwana."

"Naona kama jana." Akamgeukia aliyelala. "Haya, umelipwa. Wote wawili mnabaki. Toka."

"Sijauona huo mnyororo."

"Nimesema umelipwa."

"Kaburini hatupokei ahadi."

Kwa hiyo Salehe alikwenda dukani kwa miguu, na sisi tukasubiri. Muuza kahawa alimteremshia Mzee Kasanda kikombe shimoni, akasema ni kwa hesabu ya Bwana Jivan, na Bwana Jivan hakukana. Mnyororo ulipokuja, Mzee Kasanda aliushika, akaupitisha vidoleni jino kwa jino, kisha akanyoosha mkono juu. Mzee Kondo ndiye aliyemvuta.

"Mzito kama deni," akasema akihema.

"Vuta, husukumi," akasema mwenzake.

Wakasimama ukingoni wakipangusana unga wa mbao, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sasa, mngedhani yamekwisha hapo. Bwana Jivan naye alidhani. Alisimama, akachukua kiti chake, akauliza kama mtu anayefunga duka: "Basi nani anaanza na mashine, na nani anaanza na tupa?"

Wazee wangu wakaitazama mashine. Ilikuwa nzito, ya moto, inanuka petroli, na imewekwa juani. Wakaitazama tupa. Ilikuwa juu ya ndoo, chini ya paa la mabati, kivulini, karibu na buli la kahawa.

"Mimi macho yangu yanafaa tupa," akasema Mzee Kondo. "Ni kazi ya jicho."

"Mimi mikono yangu mirefu inafaa tupa," akasema Mzee Kasanda. "Mashine mpe mfupi, yuko karibu na gogo."

"Wewe umelala asubuhi nzima, umepumzika."

"Nilikuwa maiti. Unajua inavyochosha?"

Wakabishana hadi dereva wa lori akaanza kushusha magogo mwenyewe. Mwishowe wakageuka wote wawili kwa pamoja, wakanitazama mimi.

"Bwana Cheti, wewe umesoma. Sema nani anastahili kivuli."

Niliwaomba wanipe muda nilifikirie. Walinipa. Wakawa wanapokezana, kutwa kwa kutwa, na kila asubuhi nilipoingia yadini niliwaamkia, wakaitikia, kisha wakauliza kama nimeshapata jibu. Nilikuwa nimekaribia sana kulipata walipostaafu.